Ugoro Si Dawa ya Kichefuchefu

Ushauri wa kuacha tumbaku katika kliniki ya wajawazito huharibika kwenye swali la kwanza. Mkunga huuliza, "Unavuta sigara?" Mjamzito wa Mchinga, pwani ya Lindi, hujibu hapana, na kwa kawaida husema kweli, kadi hujazwa, mazungumzo yakahamia kwenye vidonge vya kuongeza damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulikuta kwamba Tanzania mwanamke 1 hivi kati ya 100 anavuta, ilhali wanaotumia tumbaku ya namna yoyote ni 3 hivi. Waliobaki ni wa ugoro na tumbaku ya kutafuna, ikiwemo ile inayofungwa ndani ya tambuu. Swali la sigara haliwagusi kabisa.

Akiulizwa vizuri, mjamzito huyo naye huwa na swali lake, ambalo mama mkwe aliyemsindikiza hulirudia kwa sauti kubwa zaidi: ugoro hauna moshi, tena unatuliza kichefuchefu cha mimba changa, sasa ubaya wake nini? Swali hili limejibiwa mara nyingi mno kiasi kwamba wahudumu wengine wameacha kulijibu, na hapo ndipo imani inapoota mizizi.

Ni kweli kwamba ugoro hauna moshi, kwa hiyo haumletei mtoto kaboni monoksaidi, hewa inayopora nafasi ya oksijeni katika damu. Lakini nikotini haihitaji moshi ili iingie mwilini. Hupenya ngozi laini ya pua, ufizi na mashavu, na magadi yanayochanganywa kwenye ugoro, au chokaa inayopakwa kwenye tambuu, huifanya ipenye kwa haraka zaidi. Kutoka hapo huvuka kondo la nyuma, na kiwango chake katika damu ya mtoto kinaweza kuzidi kile cha mama. Huko huvuruga mtiririko wa damu inayomlisha mtoto na hugusa ubongo na mapafu yanayokua. Huko Mumbai, India, watafiti walifuatilia wajawazito 1,217, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba watoto wa waliotumia tumbaku isiyo na moshi walizaliwa na uzito uliopungua kwa wastani wa gramu 105, na mimba zao zilikuwa fupi kwa siku 6 hivi. Nchini Sweden, ambako wanawake hutumia tumbaku ya kuweka chini ya mdomo, watumiaji wameonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mfu au njiti.

Gramu 105 zinaweza kuonekana ni kidogo. Katika pwani ya Lindi si kidogo hata chembe. Malaria inayojificha kwenye kondo la nyuma tayari inampunguzia mtoto uzito, na upungufu wa damu wa mama unamwongezea shida. Mtoto ambaye angezaliwa na kilo 2.55 akipunguziwa gramu hizo anaangukia chini ya kilo 2.5, kundi la watoto wanaokufa kwa wingi zaidi katika siku zao za mwanzo.

Madai ya kichefuchefu ni mabaya zaidi, kwa sababu yanageuza sumu kuwa tiba. Nikotini huamsha sehemu ya ubongo inayoleta kutapika. Yeyote aliyewahi kuonja ugoro kwa mara ya kwanza anajua ulivyomfanya. Mbona basi mtumiaji wa siku nyingi huona nafuu? Kwa sababu anachotulizwa ni arosto. Saa chache bila tumbaku humletea wahka, kichwa kuuma na hasira. Chembe moja ya ugoro huviondoa, naye huhesabu nafuu hiyo kuwa ya mimba. Wakati huohuo kichefuchefu cha mimba changa huisha chenyewe kwa wanawake wengi kati ya wiki ya 12 na ya 16, na sifa zote hupewa ugoro. Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba kutapika kunakoambatana na homa, katika ukanda huu, kunaweza kuwa malaria. Siku inayopotea kwa kunusa ugoro ni siku ambayo kipimo hakikufanyika. Mjamzito asicheleweshwe hivyo na mtu yeyote, hata awe bibi anayeheshimiwa kijiji kizima.

Kinachofaa kufanywa kinajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unataka kila mjamzito aulizwe, kila hudhurio, kuhusu tumbaku ya aina yoyote na moshi anaoupata nyumbani. Aulizwe faraghani, mama mkwe akiwa nje, kwa kutajiwa vitu kwa majina: sigara, ugoro, ya kutafuna, tambuu yenye tumbaku, shisha. Akikubali kwamba anatumia, asikemewe. Apangiwe siku ya kuacha, ajue saa zinazomshinda, na amtaje mtu wa nyumbani atakayemsaidia. Kuacha ghafla hakumdhuru mtoto. Uchunguzi uliofanywa New Zealand na Australia ulionyesha kwamba wavutaji walioacha kabla ya wiki ya 15 hawakutofautiana na wasiovuta kwa watoto njiti wala wadogo. Ndiyo maana hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Majaribio yaliyofanywa zaidi katika nchi tajiri yanaonyesha kwamba misaada ya ushauri hupunguza watoto wenye uzito pungufu kwa asilimia 17 hivi. Vidonge vya kuachia sigara vya bupropioni na vareniklini havishauriwi kwa wajawazito. Mume anayekuja kupima VVU katika hudhurio la kwanza aambiwe papo hapo avutie nje, mbali na mlango na dirisha, au bora zaidi aache. Kwa kichefuchefu: chakula kidogo mara nyingi, tangawizi, na dawa salama za kliniki, anayetapika kila anachokunywa aende kituoni siku hiyohiyo. Baada ya kujifungua maswali yaendelee katika kliniki ya mtoto, kwa kuwa wengi hurudia; aliyerudia aendelee kunyonyesha, atumie tumbaku baada ya kunyonyesha na si kabla, na apangiwe upya siku ya kuacha.