Salveji: Pima Fremu Kabla ya Kupaka Rangi

Gari likigongwa vibaya au likizama katika mafuriko ya Mto Tana, kampuni ya bima hupiga hesabu. Ikiona matengenezo hayana faida, humlipa mwenye gari na mabaki hupelekwa mnadani. Hiyo ndiyo salveji. Wanunuzi wengi wa Garissa huanza na kunyoosha mabati na kupaka rangi. Mkaguzi huanza kwingine.

Kwanza hutazama utambulisho. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma lazima ilingane na ya logibuku, na ya injini vilevile. Ukibadilisha injini au rangi, taarifa hizo hubadilishwa pia katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kabla ya kulipa, hakikisha muuzaji anaweza kukuhamishia umiliki kupitia eCitizen na kwamba hakuna benki inayolidai gari hilo. Weldi iliyopita karibu na namba ya chasisi huzua shaka ya wizi.

Pili ni unyoofu. Land Cruiser na malori yana fremu ya reli mbili chini ya bodi. Chukua futi ya utepe, upime mshazari kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha mshazari wa pili. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda: gari litavuta upande na kula tairi. Probox haina fremu hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo nguzo ya mlango iliyochomelewa ovyo hudhoofisha gari zima, na barabara za changarawe za huku kwetu haziisamehe.

Tatu ni breki, usukani, boljointi, tairi na taa. Breki za kulia zikishika kuliko za kushoto, gari huyumba dereva anaposimama ghafla. Mikanda iliyokaza wakati wa ajali na mifuko ya hewa iliyofyatuka hubadilishwa, haishonwi. Gari lililozama lina ugonjwa wake: tope hujificha ndani ya soketi za nyaya na chini ya zulia, na kutu huanza kula taratibu. Kausha na usafishe kabla ya kuunganisha betri.

Matatu na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na matatu huhitaji pia kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari chini ya Sura ya 405. Salveji ambayo bado haijawa salama hubebwa juu ya lori, haiendeshwi.

Kwa hiyo mpeleke fundi mnadani pamoja na futi yake. Fremu ikiwa imepinda au karatasi zikiwa na utata, gari hilo linunue kwa bei ya spea, au liache.