Rangi na Dekali: Ndege za Mfano Zinavyopata Sura Zao

Ndege ya mfano ni nakala ndogo ya ndege halisi, iliyopunguzwa kwa kipimo kimoja kuanzia puani hadi mkiani. Huuzwa kwenye boksi ikiwa vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, pamoja na maelekezo na karatasi ndogo ya alama za kubandika, ambazo huitwa dekali. Kuunganisha vipande kwa gundi ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Watu mia wakinunua boksi la aina moja la Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, wote watapata umbo lile lile. Kinachoifanya ndege ya huyu kuwa ya kikosi fulani, mwaka fulani, na hata ya rubani fulani, ni rangi na dekali.

Kipimo kilichoenea zaidi ni 1:72, yaani sentimita moja ya mfano inasimama badala ya sentimita 72 za ndege yenyewe. Asili yake ni vipimo vya Kiingereza: inchi moja kwa futi 6, ambazo ni kama urefu wa mtu mrefu. Nchini Uingereza, ndege za plastiki za kuunganisha zenye jina la Frog Penguin zilianza kuuzwa kwa kipimo hicho mwaka 1936. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege za mfano 500,000 za kuwafundishia askari kutofautisha ndege za adui na zao. Hizo zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa kuwa ndege iliyo mbali angani huonekana umbo tu, rangi zake hazisomeki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yaligeuka. Airfix, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilitoa Spitfire yake ya kwanza ya 1:72 mwaka 1953, na wanunuzi hawakuridhika tena na umbo peke yake. Walitaka rangi za kweli, na Humbrol wa mji wa Hull wakajulikana kila mahali kwa vikopo vyao vidogo vya mililita 14. Leo baadhi ya ndege bora za mfano hutoka Japani, katika mkoa wa Shizuoka, ambako ndiko makao ya Tamiya na Hasegawa.

Kwa 1:72, Spitfire ambayo mabawa yake yana upana wa mita 11.23 inakuwa na sentimita 15.6. Kwa 1:48 inafika sentimita 23.4. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mpaka rangi, kwa sababu udogo haupunguzi unene wa rangi. Tabaka nene linaloweza kupita bila kuonekana kwenye mlango wa nyumba hufukia kabisa mistari ya mabati na ribiti zilizochorwa kwenye bawa la sentimita chache. Kanuni zote za kazi hii zinatokana na jambo hilo: rangi iwe nyembamba, na uso unaoipokea uwe laini.

Maandalizi huanza na maji ya sabuni. Plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta yanayotumika kuibandua kwenye kalibu, na rangi haishiki penye mafuta. Viungio vya bodi na vya mabawa hujazwa pati, vikapigwa msasa laini, kisha hupakwa praima ya kijivu. Praima ina faida mbili: hushikisha rangi inayofuata, na hufichua kila mkwaruzo ambao macho hayakuuona kwenye plastiki. Fundi wa gereji anayenyoosha bodi ya gari anaijua hatua hii vizuri, na hairuki hata mara moja.

Rangi zenyewe ziko za aina tatu. Akriliki huchanganywa kwa maji au spiriti, hukauka haraka na harufu yake si kali, hivyo inamfaa anayefanya kazi sebuleni. Rangi ya mafuta hukauka polepole, lakini hutandazika vizuri kwa brashi. Ya tatu ni ile inayochanganywa kwa thina kali. Hiyo hushika kuliko zote na hutoa tabaka jembamba kuliko zote, ila mvuke wake ni hatari kwa mapafu na hushika moto kwa urahisi. Anayeitumia anahitaji barakoa yenye kichujio cha kemikali, madirisha wazi, na umbali wa kutosha kutoka kwenye jiko. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa rangi hii ina usumbufu wa ziada: thina inapokauka kwa kasi hupoza uso, unyevu wa hewa unatua juu yake, na rangi inapata ukungu mweupe. Dawa yake ni kusubiri siku kavu, au kutumia thina inayokauka taratibu.

Brashi ya mkono inatosha kwa anayeanza, mradi rangi ipakwe kwa tabaka mbili au tatu nyepesi, kila moja ikiachwa ikauke. Wenye uzoefu hupendelea eabrashi, kifaa kidogo mfano wa kalamu kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa. Rangi ya kupuliza huchanganywa na thina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na hewa huwekwa kwenye baa 1 hadi 1.5. Rangi nzito huziba sindano, na nyepesi mno hutiririka. Eabrashi ni ya gharama, lakini hakuna kifaa kingine kinachobadilisha matokeo kwa kiasi hicho.

Mpangilio wa rangi hufuata historia. Spitfire ya mwaka 1940 ilikuwa na kahawia ya udongo na kijani iliyokolea kwa juu, na chini rangi iliyoitwa Sky, kijani kilichopauka sana. Kuanzia Agosti 1941 kahawia iliondolewa, ikawekwa kijivu cha bahari, na sehemu ya chini nayo ikawa ya kijivu, kwa kuwa mapigano yalikuwa yamehamia juu ya maji na kwenye mawingu ya Ulaya kaskazini. Mtu akiweka kahawia kwenye Spitfire ya mwaka 1944 iliyokuwa na kituo Uingereza, amekosea tarehe, hata kama kazi yake ni safi kiasi gani. Ndiyo maana wapenzi wa kazi hii hutumia saa nyingi wakitazama picha za zamani kabla ya kufungua kikopo. Chama chao cha kimataifa, IPMS, kilianzia Uingereza mwaka 1963, na mashindano yake hukagua usafi wa kazi kwa jicho kali.

Rangi za mwanga hutangulia, za giza hufuata. Njano au nyeupe ikipakwa juu ya kijani itahitaji matabaka mengi na uso utavimba. Kifuniko cha kioo cha chumba cha rubani huzibwa kwa vipande vya tepu vilivyokatwa kwa wembe, fremu zake zikapakwa, kisha tepu ikabanduliwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: rangi iliyopimwa ikafanana kabisa na ya ndege halisi huonekana nzito mno kwenye ndege ya sentimita 15. Kitu kikubwa kinachotazamwa kwa mbali hupaushwa na hewa iliyo katikati, na mfano hutazamwa kama kitu kilicho mbali. Kwa hiyo wengi huongeza nyeupe au kijivu kidogo.

Baada ya rangi kukauka inakuja hatua ambayo ndiyo siri ya dekali: vanishi ya kung'aa. Rangi za kijeshi hazing'ai, na uso usiong'aa ukitazamwa kwa karibu ni vilima na mabonde madogo mno. Dekali ikiwekwa juu yake hukaa kwenye vilima, hewa inabaki mabondeni, na mwanga ukipiga unaonekana mng'ao wa fedha chini ya utando. Kasoro hiyo huharibu kazi nyingi kuliko nyingine yoyote, na anayeipata hulaumu dekali ilhali kosa ni la uso. Vanishi ya kung'aa hujaza mabonde hayo, na dekali ikakuta uwanda.

Dekali ni picha iliyochapwa juu ya utando mwembamba unaoonekana hadi upande wa pili, uliokaa kwenye karatasi yenye gundi inayoyeyuka kwa maji. Hukatwa moja moja karibu kabisa na ukingo wa picha, ikashikwa kwa kibano na kuchovywa kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde 10 hadi 20. Kisha hutolewa na kulazwa pembeni kwa muda hadi ianze kuteleza juu ya karatasi. Ikiachwa ielee majini hadi ijitoe yenyewe, gundi huondoka na maji. Mahali inapokwenda hulowanishwa kwanza, dekali ikasukumwa kwa brashi kutoka kwenye karatasi hadi juu ya bawa. Kwa dakika moja au mbili inaweza kusogezwa. Inapokuwa sawa, maji hunyonywa kwa kijiti cha pamba kinachobiringizwa kutoka katikati kuelekea pembeni.

Kwenye mistari na ribiti maji peke yake hayatoshi. Hapo hutumika majimaji ya aina mbili. Ya kwanza huwekwa chini ya dekali ili ishike. Baadhi ya hayo ya kwanza yana asidi hafifu na harufu kama ya siki. Ya pili hupakwa juu yake na kuulainisha utando uingie katika kila mfereji. Inapofanya kazi, dekali hujikunja na kufanya makunyanzi ya kutisha. Wakati huo haiguswi hata kwa ncha ya brashi, kwa sababu imekuwa laini na itachanika. Ikiachwa, makunyanzi huisha yenyewe na alama huonekana kama imepakwa rangi. Pakibaki kiputo cha hewa, hutobolewa kwa sindano na kuongezewa tone jingine. Kesho yake uso hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ili kuondoa mabaki ya gundi, kisha hupulizwa vanishi isiyong'aa inayofunika kila kitu na kufuta kingo za utando.

Alama hizo nazo zina tarehe zake. Duara la jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na nyekundu katikati, lakini huko Burma nyekundu iliondolewa isije ikadhaniwa ni jua jekundu lililochorwa kwenye ndege za Japani. Kwa hiyo ndege za Uingereza zilizoruka huko mwaka 1944, wakati askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wakipita bonde la Kabaw kwa kutegemea chakula na risasi zilizodondoshwa kutoka angani, hazikuwa na duara lile linaloonekana kwenye maboksi mengi. Marekani nayo ilifuta doa jekundu katikati ya nyota yake Mei 1942, na nyota yenye mpaka mwekundu ni ya miezi michache tu ya mwaka 1943.

Mistari ya uvamizi wa Normandy inafundisha zaidi. Mwanzoni mwa Juni 1944 mafundi wa ndege za Washirika waliamriwa wachore mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kwenye bodi. Kwa ndege ya injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, ambazo kwa 1:72 ni milimita 6.35. Kazi ilifanywa kwa haraka, kwa brashi za kawaida, na picha zinaonyesha kingo zilizopinda. Anayeichora kwa tepu kwa unyoofu kamili anapata mistari safi kuliko ya mafundi wenyewe, na kwa hilo anapoteza kitu.

Ukiacha ndege za vita, ndege za abiria zina rangi nyeupe nyingi na mistari mirefu iliyonyooka, kazi isiyosamehe. Mfano unaowagusa wasomaji wa Afrika Mashariki ni Super VC10. Shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilikuwa nazo tano. Moja iliteketea kwenye ajali ya Addis Ababa Aprili 1972. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza na kugeuzwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Ile iliyosajiliwa Tanzania kwa nambari 5H-MOG ikapewa nambari ya kijeshi ZA150, ikapakwa kahawia iliyopauka, baadaye kijivu, na ikaendelea kuruka hadi Septemba 2013. Bodi moja, sura tatu. Kwa 1:144 mabawa yake yana upana wa sentimita 31. Dekali za shirika kama hilo zikikosekana, zinaweza kuchapwa nyumbani kwenye karatasi maalumu. Wino wa printa hufunikwa kwanza kwa vanishi usije ukayeyuka majini, na ikumbukwe kwamba printa ya kawaida haichapi nyeupe. Dekali za zamani zilizogeuka manjano huwekwa dirishani siku kadhaa, na jua huzirudishia weupe wake.

Uchakavu huja mwisho: rangi nyepesi ya kahawia iliyokolea ikaingizwa kwenye mifereji na kufutwa juu, moshi kidogo nyuma ya mabomba ya injini, mikwaruzo ya fedha pale fundi alipokanyaga bawani. Wanaoanza huzidisha hapa. Ndege nyingi za vita hazikuishi muda wa kutosha kuchakaa hivyo.

Kwa anayetaka kujaribu, ndege ya injini moja ya 1:72, brashi mbili nzuri, rangi nne za akriliki, vanishi mbili, kibano na msasa vinatosha. Aanze na dekali ndogo ya chini ya bawa, ambako kosa halitaonekana, kabla ya kugusa duara la juu.