Ujuzi Sokoni: Biashara ya Mafunzo ya Kazi na Tatizo la Kuajirika Nchini India

Utangulizi

Ujuzi hauzeeki, wanena wahenga. Methali hii huichukulia stadi ya kazi kuwa mali ambayo mtu akishaipata haimponyoki. Nchini India, katika kipindi cha miongo minne hivi, mali hiyo imegeuka bidhaa iliyo na wauzaji, wanunuzi, madalali na wapimaji wake. Makala haya yanaeleza jinsi biashara hiyo ilivyozuka, namna inavyoendeshwa, na kwa nini kijana anaweza kuhitimu mafunzo, akatunukiwa cheti na bado akarejea nyumbani bila kazi.

Kabla ya Biashara

Kwa karne nyingi ufundi nchini India ulirithishwa ndani ya ukoo na tabaka la kuzaliwa. Mwana wa mfinyanzi alifinyanga na mwana wa mhunzi alifua chuma. Hapakuwa na karo wala cheti. Utaratibu huo ulihifadhi ujuzi, lakini uliwafungia watu katika kazi za wazazi wao na kuifanya kazi ya mikono ionekane duni machoni pa waliosoma. Mnamo 1937, katika mkutano wa elimu uliofanyika Wardha, Mahatma Gandhi alipendekeza mfumo ulioitwa Nai Talim, yaani elimu mpya, ambamo mtoto angefundishwa kwa kupitia ufundi kama vile kusokota nyuzi. Hata hivyo, familia nyingi ziliendelea kuitamani kazi ya ofisini.

Baada ya uhuru wa 1947, serikali ilibeba jukumu la mafunzo. Vyuo vya kufunza mafundi wa viwandani, vijulikanavyo kwa ufupisho ITI, vilianza chini ya mpango wa 1950, na Sheria ya Uanagenzi ikapitishwa mwaka wa 1961. Mafundi umeme, wachomeleaji na mafundi mitambo wengi walipitia humo. Leo vyuo hivyo vimepita 14,000 na vingi kati yavyo ni vya watu binafsi.

Kuzuka kwa Soko

Biashara yenyewe ilichipuka na kompyuta. Kampuni ya NIIT iliasisiwa mwaka wa 1981, na Aptech ikafuata mwaka wa 1986. Zilifungua vituo mijini, zikawavutia vijana waliokuwa na shahada au waliokuwa wakizisomea, na kuwafunza programu za kompyuta kwa karo. Uchumi ulipofunguliwa mwaka wa 1991, na kampuni za Marekani na Ulaya zilipoanza kupeleka kazi zao Bengaluru, Hyderabad na Gurgaon, mzazi wa tabaka la kati alitambua kwamba shahada peke yake haikutosha. Kituo cha kompyuta kikawa daraja kati ya chuo kikuu na mshahara.

Mwaka wa 2005, chama cha kampuni za programu, NASSCOM, pamoja na kampuni ya ushauri ya McKinsey, zilitoa ripoti iliyodai kwamba takriban asilimia 25 tu ya wahandisi waliohitimu nchini humo walifaa kuajiriwa na kampuni za kimataifa. Takwimu hiyo ilienea kama moto wa nyika. Lawama iliyokuwa ikielekezwa kwa uhaba wa kazi sasa ilielekezwa kwa anayeitafuta: aliyekosa kazi alionekana kuwa na upungufu, na upungufu huo ulikuwa na dawa iliyouzwa. Ndipo dhana ya kuajirika ilipoingia katika matangazo, mitaala na hotuba za wanasiasa.

Dhana hiyo ilizaa pia biashara ya kupima. Tangu 2014 hutolewa kila mwaka ripoti ya ujuzi nchini India, inayotegemea mtihani ulioandaliwa na kampuni ya Wheebox. Toleo la kwanza lilionyesha kuwa karibu thuluthi moja ya waliopimwa walikuwa wanaajirika. Toleo la 2025 lilitaja takriban asilimia 55. Msomaji yafaa akumbuke kwamba anayeajirika si lazima awe ameajiriwa. Mtihani hupima mtu. Hauhesabu nafasi za kazi zilizopo.

Serikali Kama Mnunuzi Mkuu

Mwaka wa 2008 liliundwa Shirika la Taifa la Kukuza Ujuzi, NSDC, ambamo sekta ya kibinafsi ilipewa asilimia 51 ya umiliki na serikali asilimia 49. Shirika hilo lilizikopesha kampuni za mafunzo kwa matumaini kwamba zingejiendesha kwa karo. Sera ya 2009 ililenga kuwafunza watu milioni 500 kufikia 2022. Sera ya 2015 nayo ilieleza kuwa ni asilimia 4.69 tu ya nguvukazi ya India iliyokuwa imepata mafunzo rasmi, ikilinganishwa na asilimia 75 Ujerumani na 96 Korea Kusini.

Hapo ndipo tatizo la msingi lilipojitokeza. Kijana wa kijiji cha Bihar au Odisha, ambaye ndiye aliyelengwa, hakuwa na karo. Mwajiri naye hakuwa tayari kumlipa zaidi mwenye cheti. Tarehe 15 Julai 2015, Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua kampeni ya Skill India, pamoja na mpango wa mafunzo ya muda mfupi uitwao PMKVY, ambamo mwanafunzi hasomi kwa pesa zake. Tangu hapo, kwa sehemu kubwa ya sekta hii, mteja alikuwa serikali.

Mabadiliko hayo yaligeuza mwelekeo wa biashara. Katika awamu ya pili ya mpango, iliyoanza 2016, kituo kililipwa kwa mafungu: asilimia 30 mafunzo yakianza, 50 mwanafunzi akipata cheti, na 20 baada ya kuthibitishwa kwamba amepata kazi. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mapato ilikuwa imekwisha kuingia kabla ya mwanafunzi kuvuka lango la mwajiri. Kituo kilichojaza madarasa kilifaidi. Kilichozunguka viwandani kutafutia wahitimu wake kazi kilijitwika gharama zaidi kwa fungu dogo.

Matokeo yalidhihirika. Kamati iliyoongozwa na Sharada Prasad mwaka wa 2016 ilikosoa malengo makubwa yasiyotokana na uchunguzi wa mahitaji ya soko, pamoja na mgongano wa maslahi miongoni mwa mabaraza ya ujuzi ya kisekta. Katika awamu tatu za kwanza, takriban wahitimu wanne kati ya kila kumi wa mafunzo ya muda mfupi ndio waliopata kazi. Katika awamu ya nne, ufadhili ulitenganishwa na upatikanaji wa ajira. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyowasilishwa bungeni Desemba 2025 iligundua kuwa zaidi ya asilimia 90 ya kumbukumbu za washiriki katika awamu ya pili na ya tatu hazikuwa na taarifa halali za akaunti za benki. Hata hivyo, fedha hazijakoma: Februari 2025 baraza la mawaziri liliidhinisha rupia bilioni 88 kuendeleza mpango wa ujuzi hadi 2026.

Lugha Kama Bidhaa

Kwa wapenzi wa lugha, upande mmoja wa biashara hii unastahili kuangaziwa zaidi. Miongoni mwa stadi zinazouzwa sana mijini ni Kiingereza cha mazungumzo. Vituo vya kupokea simu vilipostawi mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana walifunzwa lafudhi za wateja wa mbali na hata kutumia majina ya kigeni kazini. Katika miji midogo, bango la kufunza Kiingereza hukaa bega kwa bega na la kufunza kompyuta.

Jambo hili lina kina. Fundi anayeijua kazi yake barabara kwa Kihindi, Kitamil au Kibengali huweza kuhesabiwa miongoni mwa wasioajirika kwa sababu mahojiano na mitihani huendeshwa kwa lugha nyingine. Sera ya elimu ya 2020 ilihimiza matumizi ya lugha ya kwanza katika elimu, lakini soko la ajira halijabadilika kwa kasi hiyo. Mpango wa PM Vishwakarma, uliozinduliwa Septemba 2023, angalau unawatambua mafundi wa kazi 18 za jadi, wakiwemo wafinyanzi, wahunzi na washonaji, na kuwapa posho ya mafunzo, vifaa na mikopo. Hapa ujuzi wa kurithi, ambao mfumo wa vyeti ulikuwa umeupuuza, umerejeshwa mezani.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba biashara ya ujuzi nchini India haikutokana na hila tupu. NIIT na wenzake walifunza watu waliojenga sekta nzima, na wapo vijana wengi wa mashambani waliopata mshahara wa kwanza kupitia mafunzo ya miezi mitatu. Kasoro imo katika kile kinacholipiwa. Panapolipiwa idadi ya vyeti, vyeti huongezeka; panapolipiwa kazi ya kudumu, mkufunzi hulazimika kumjua mwajiri. Isitoshe, mafunzo hayawezi kuziba pengo la nafasi za kazi ambazo uchumi haujaziunda.

Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Tangu 1964, kupitia mpango wa ushirikiano wa ITEC, serikali ya India imewafadhili Wakenya wengi kwenda kusomea kozi mbalimbali nchini humo. Anayejifunza kutoka India anafaa kuyachukua mazuri yake huku akizitazama hesabu zake kwa makini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kulipa karo, kijana na mzazi wake wana haki ya kuuliza ni wangapi waliohitimu mwaka uliopita, wako wapi sasa, na wanalipwa na nani.