Kitabu cha mali kauli: hesabu ianzie dukani

Nakala 500 za kitabu zinapotoka kiwandani, mwandishi aliyejichapia amekwisha kulipa fedha taslimu. Duka litakalozipokea halijatoa hata senti. Katika pengo hilo ndimo mitaji mingi inamozama.

Maduka madogo ya vitabu jijini Dar es Salaam kwa kawaida hayanunui kazi ya mwandishi asiyejulikana. Huichukua kwa mali kauli: nakala tano au kumi zinakaa kwenye rafu, mwenye kitabu analipwa zilizouzwa na kurudishiwa zilizobaki. Duka hukata fungu lake, mara nyingi asilimia 30 hadi 40 ya bei ya rejareja. Waandishi hulalamika, lakini pango, umeme na mshahara wa muuzaji vyote vinatoka humo, na rafu hiyo hiyo ingeweza kubeba madaftari yanayouzwa kila siku.

Kosa kubwa ni kupanga bei kwa kutazama gharama ya uchapaji peke yake. Tuchukue mfano wa nakala 500 zilizochapwa kwa Sh. 5,000 kila moja, yaani Sh. 2,500,000. Mwandishi akiweka bei ya Sh. 8,000, anadhani anapata faida ya Sh. 3,000. Duka likikata asilimia 35, mkononi mwake hufika Sh. 5,200. Ili mtaji urudi, lazima auze nakala 481. Akigawa 20 kwa ndugu na marafiki, tayari amekula hasara, na nauli ya daladala haijahesabiwa. Kwa bei ya Sh. 12,000 atapokea Sh. 7,800, na mtaji utarudi kwenye nakala ya 321. Kama wasomaji hawatatoa Sh. 12,000, heri ajue kabla ya kwenda kiwandani.

Majira nayo yana uzito. Kuelekea Januari, shule zinapofunguliwa, mwenye duka anatafuta fedha na nafasi kwa ajili ya vitabu vya kiada. Anayemletea riwaya wakati huo atajibiwa kwa adabu kwamba arudi baadaye.

Kitabu chenyewe kiwe na mgongo ulioandikwa jina, maana kwenye rafu mteja huona mgongo tu. Kilichobanwa kwa pini hupotea. Kiwe pia na namba ya ISBN, ambayo nchini Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Siku ya kukabidhi, karatasi iandikwe nakala mbili na kugongwa muhuri: idadi, bei, fungu la duka, tarehe ya hesabu, na nani atabeba hasara ya nakala zitakazochakaa. Bila karatasi hiyo, muuzaji akibadilishwa deni linageuka hadithi.

Hata hivyo karatasi haimlazimishi mtu kulipa mapema. Kinachomsukuma ni kitabu kinachofuata. David Maillu jijini Nairobi, kupitia Comb Books katika miaka ya 1970, na Ben Mtobwa wa Tanzania, kupitia kampuni yake ya Heko, hawakuingia sokoni na kitabu kimoja. Duka linalodaiwa na mwenye vitabu sita hulipa kwa kuwa linakitaka cha saba. Mwenye kimoja itambidi apite mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na karatasi yake mkononi.