Kinachochujwa ni damu, si figo

Jirani yangu mmoja hapa Waithaka, mzee wa miaka sabini na ushei, alikosa kwenda hospitalini mara mbili mfululizo mwezi uliopita. Alikuwa ameanza kuunganishwa na mashine mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara. Wiki hiyo haikuisha kabla hajavimba miguu na uso, pumzi zikimwishia, na wanawe wakamkimbiza hospitalini usiku wa manane. Mungu alisaidia, akarudi nyumbani. Nilipokwenda kumjulia hali, nilimuuliza kilichomfanya akatize matibabu. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeonewa katika mtihani.

"Mwalimu, si walisema nimesafishwa figo? Kitu kikishasafishwa ni kisafi. Gari nikiliosha pale Dagoretti Corner leo, Alhamisi nitalirudisha la nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mzee hakukosea Kiswahili. Alikielewa sawasawa, akakitii. Maneno "kusafisha figo" tunayasikia redioni, tunayasoma magazetini na kwenye vikundi vya WhatsApp vya kuchangisha pesa za matibabu. Kisarufi hayana dosari: kitenzi kipo, yambwa ipo. Tatizo ni kwamba yambwa hiyo siyo inayotendewa. Mashine ile haigusi figo hata kidogo.

Kesho yake nilipita buchani nikanunua figo mbili za mbuzi, nikaenda nazo kwa mzee. Wakazi wa Dagoretti tumeishi na machinjio miaka mingi, kwa hiyo figo si kitu kigeni kwetu. Figo ya ng'ombe ina vinundu vingi kama kichala cha zabibu. Ya mbuzi ni laini na ina umbo la haragwe, na kwa sura ya nje ndiyo inayokaribia ya binadamu. Yetu ni kubwa zaidi, takribani ukubwa wa ngumi, na huwa na uzito wa gramu 150 hivi. Zimekaa upande wa mgongoni, moja kila upande wa uti wa mgongo, zikifunikwa kiasi na mbavu za chini.

Hata jina lake ni la nyumbani. Waswahili husema figo, Wakikuyu husema higo. Msomaji asidhani ni sadfa. Mawe ya mekoni Mswahili huyaita mafiga, na Mkikuyu huita jiwe ihiga. Pale penye /f/ katika Kiswahili, Kikuyu kina /h/, na maneno yote mawili yametoka katika shina moja la kale la Kibantu. Kiswahili kina jina jingine pia, nso, ambalo Wazulu wa Afrika Kusini wanalo kama inso. Basi babu zetu waliijua figo na kuipa jina kabla hospitali hazijafika huku. Kilichobaki ni sisi kueleza kazi yake kwa usahihi.

Tuliipasua figo moja kwa urefu. Nje kuna tabaka jekundu, ndani kuna sehemu iliyopauka, na katikati kuna uwazi mweupe unaoingia katika mrija. Ndani ya tabaka hizo, kila figo ya binadamu ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kila nefroni huanza na kifundo cha vishipa vya damu, kisha hufuata mrija mrefu uliojipindapinda.

Kazi ya nefroni inahitaji vitenzi vitatu. Cha kwanza ni kuchuja. Takribani humusi moja ya damu inayosukumwa na moyo hupitia kwenye figo, zaidi ya lita moja kila dakika. Katika vile vifundo, maji, chumvi, sukari na taka iitwayo urea hupenya na kuingia katika mrija. Chembe za damu na protini kubwa hubaki nyuma. Kwa siku moja, maji yanayochujwa hivyo hufika lita 180 hivi. Mzee alishangaa. Nikamwambia ahesabu madumu ya lita ishirini ambayo wauza maji wa Kawangware husukuma kwa mkokoteni: ni madumu tisa, kila siku.

"Sasa mbona mimi sikojoi madumu tisa?" akauliza.

Hapo ndipo kitenzi cha pili kinapoingia: kurejesha. Chujio la chai huzuia majani na kuruhusu chai ipite, basi, kazi imeisha. Figo haiishii hapo. Humwaga karibu kila kitu kidogo, kisha mrija wa nefroni hupitia kilichomwagwa na kurudisha chenye manufaa katika damu. Sukari yote hurudi kwa mtu mwenye afya. Maji hurudi kwa takribani asilimia 99. Kinachobaki ni mkojo, kama lita moja na nusu hivi. Ukiwa umenyimwa maji juani, ubongo hutuma homoni inayoamuru maji zaidi yarejeshwe, na mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito. Kitenzi cha tatu ni kutoa: mrija huo huchukua katika damu asidi, potasiamu ya ziada na mabaki ya dawa, ukayaongeza katika mkojo.

Kutoka hapo mkojo huteremka kupitia mirija miwili, kila mmoja na urefu wa sentimita 25 hadi 30. Misuli ya mirija hiyo huusukuma kwa mawimbi, ndiyo maana hata ukilala chali hufika kibofuni. Kibofu hutanuka kama puto na huweza kubeba nusu lita hivi, ingawa hamu ya kwenda msalani huanza mapema zaidi. Njia ya mwisho ya kutokea ni fupi kwa mwanamke, kama sentimita nne tu, na hii ni sababu kubwa ya wanawake kupata maambukizi ya mkojo mara nyingi kuliko wanaume.

Hapa lugha inatutega tena. Adabu yetu imetufundisha tafsida: haja ndogo, kujisaidia, na kwa watoto, kususu. Tafsida ni nzuri mezani. Mbele ya daktari inaweza kukuponza. Mtu husema "huku chini hakuko sawa" na kunyamaza, ilhali daktari anataka kujua kama mkojo una damu, kama una povu lisilokwisha, kama umepungua. Povu hilo linaweza kuwa dalili kwamba protini inavuja kupitia vichujio. Kisukari na presha huviharibu vichujio polepole bila maumivu yoyote, na wengi hugundua wakati umekwenda. Mbele ya daktari, uite mkojo mkojo.

Sasa turudi kwenye mashine. Daktari Mholanzi Willem Kolff alitengeneza moja ya kwanza mwaka wa 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani wakati wa vita. Alitumia mirija ya selofeni, ile ya kutilia soseji, akaizungusha ndani ya maji yenye chumvi. Damu ya mgonjwa ilipita ndani ya mirija, na taka zikapenya kutoka katika damu na kuingia katika maji. Mashine za leo ni za kisasa zaidi lakini wazo ni lilelile. Damu hutolewa mwilini, huchujwa nje, kisha hurudishwa. Figo zimekaa mahali pake, katika hali ileile zilizokuwa nayo asubuhi.

Nilimpa mzee hesabu moja ndogo. Wiki ina saa 168, na figo nzima hufanya kazi saa zote hizo. Mashine humfanyia kazi saa nane. Kila anapokula nyama au maharagwe, mwili hutengeneza urea upya, na maji anayokunywa hayana pa kutokea. Damu iliyochujwa Jumatatu huwa imechafuka tena kufikia Alhamisi. Isitoshe, figo husaidia kudhibiti presha, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na huikamilisha vitamini D inayoimarisha mifupa. Mashine haiwezi hayo, ndiyo maana anadungwa sindano za kuongeza damu.

Akanyamaza kitambo. "Kumbe ni damu," akasema. "Wangesema hivyo tangu mwanzo."

Nilidhani suluhisho ni kusema "kusafisha damu". Mkewe akacheka. "Prof, hiyo ni ile dawa ya chupa inauzwa steji." Alisema kweli. Waganga wa miti shamba wameshalitwaa jina hilo, na mgonjwa akilisikia anaweza kuiacha mashine akafuata chupa. Ndiyo maana napendekeza kuchuja damu. Figo hufanya kazi kwa vitenzi vitatu, lakini mashine kimsingi huchuja, na neno hili linaieleza bila kuahidi zaidi. Aidha, kila mpishi anajua kwamba chai ya leo huchujwa leo na ya kesho huchujwa kesho. Anayechuja hadai kwamba amemaliza.

Wahariri, watangazaji na wauguzi, nawasihi tulijaribu. "Anachujwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki" ni sentensi fupi, na haimpi mgonjwa sababu ya kubaki nyumbani.

Alhamisi iliyopita binti wa mzee alinitumia ujumbe: "Prof, baba amesema nikuambie leo ameenda kuchujwa."