Hambaga ya Nyumbani na Jibu Tulilolifanyia Haraka

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu alituuliza: "Maalimu, hambaga ni halali?" Nasi, kwa haraka isiyomfaa mwalimu, tulimjibu kuwa si halali, kwa sababu tulikwisha kusikia ya kwamba "ham" kwa Kiingereza ni nyama ya paja la nguruwe. Mtoto akaenda kwao na jibu hilo, na chakula alichokipika mama yake, cha ng'ombe aliyechinjwa kisheria, kikatupwa chote jaani.

Baadaye tulijua ya kuwa jina hilo halihusiani na nguruwe hata kidogo. Latokana na Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani. Huko Marekani, katika karne ya 19, nyama ya kusagwa iliyokaangwa iliitwa kwa jina la mji huo, kisha ikaja kutiwa ndani ya mkate. Basi la kuuliza ni nyama gani, na imechinjwaje. Jina halihalalishi wala haliharamishi.

Tulikwenda kwa mama yule na mumewe kuwaomba radhi. Walitusamehe, na mama akatueleza apikavyo. Twaandika hapa, huenda kosa letu likawafaa wengine.

Kwa watu wanne, twaa nusu kilo ya kima ya ng'ombe, yenye mafuta kiasi cha fungu moja katika matano. Isiyo na mafuta hukauka. Tayarisha vitunguu vitatu vikubwa, vipande vinne vya nanasi, mikate minne midogo ya mviringo, samli, ukwaju, sukari guru, chumvi na pilipili manga.

Anza na vitunguu. Vikate vyembamba, uviweke katika samli juu ya moto mdogo, ukivigeuza muda wa dakika 40 hivi hata viwe na rangi ya tende. Ukizidisha moto vitaungua kabla ya kulainika. Kisha tia kijiko cha sukari guru, vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju, na chumvi kidogo.

Nyama igawe mafungu manne, uyafanye bapa, mapana kidogo kuliko mkate, maana hunywea motoni. Bonyeza katikati kwa kidole gumba yasivimbe. Chumvi na pilipili manga nyunyiza juu wakati wa kukaanga tu. Chumvi ikikandwa mapema, nyama hushikana ikawa ngumu. Kikaango kiwe cha moto sana, wala usiigandamize nyama kwa mwiko, maji yake yasitoke. Na iive mpaka ndani, kwani kusaga huviingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama. Mwenye kipimajoto na aone nyuzi 71 za Selsiasi.

Katika kikaango hicho hicho choma nanasi hata ligeuke rangi, upashe na mikate. Panga nyama, nanasi, kisha vitunguu.

Hiki ni chakula kizito, cha siku moja moja. Kila mtu mmoja chamtosha. Na jirani aliyefikiwa na harufu asisahauliwe.

Ama sisi, tangu siku ile, mwanafunzi akituuliza tusilolijua, twamwambia: "Ngoja kwanza tuulize." Wallahu aalam.