Sura ya Tatu: Taifa Si Lugha

Miongoni mwa dhana nilizozoea kuzisikia kwa vijana wanaoingia chuo kikuu kusoma lugha, utamaduni na jamii za Ulaya, na kwa wazee wao wanaowalipia ada, hakuna iliyoshika mizizi kama hii ya kwamba Ulaya ni safu ya mataifa, kila moja na lugha yake tangu enzi za mababu, Mfaransa na Kifaransa chake, Mtaliana na Kitaliana chake, hata mtu akiijua lugha amekwisha kulijua taifa. Dhana hii ni batili, na maadamu ndiyo inayowapoteza wengi, msomaji aniwie radhi nikiishughulikia kwa kirefu.

Mwaka 1794, katikati ya mapinduzi, kasisi Henri Grégoire aliliarifu baraza la taifa la Ufaransa kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakijui Kifaransa, na kwamba wanaokisema kwa ufasaha hawazidi milioni 3. Italia nayo, ilipounganishwa mwaka 1861, kwa makadirio ya mwanaisimu Tullio De Mauro, haikuwa na zaidi ya watu wawili na nusu katika kila mia walioweza kusema Kitaliana. Wengine wote walisema lahaja za kwao. Skuli, jeshi na diwani za serikali ndizo zilizokuja kuwatia watu hawa lugha ya taifa vinywani, na kazi hiyo ilichukua vizazi.

Wako pia wanaouza upuuzi wenye sura ya elimu: eti Mjerumani ana nidhamu kwa sababu lugha yake humlazimisha kungoja kitenzi hadi mwisho wa sentensi. Kwanza, hilo hutokea aghalabu katika vishazi tegemezi. Pili, Waturuki na Wajapani nao huweka kitenzi mwisho, wala sijamsikia mtu akiwapima tabia kwa sababu hiyo. Ramli ni ramli, hata ikipigwa na mwenye shahada.

Nilikusudia sasa kuieleza Uswisi, kisha Malta, walakini kila nifikapo hapa kalamu hunivuta Leuven.

Leuven ni mji wa Ubelgiji, mashariki ya Brussels, wenye chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoasisiwa mwaka 1425. Mji uko katika nchi ya Waflemi wasemao Kiholanzi, lakini kwa muda mrefu chuo kilisomesha kwa Kifaransa, na hata Kiholanzi kilipopewa nafasi yake, ukhtilafu haukwisha. Mgeni husema huo ni ugomvi wa lugha, akafunga kitabu. Angeendelea kusoma angeona kwamba Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakimu, ya maafisa wa jeshi na ya matajiri, wakiwamo matajiri wa Kiflemi waliokisema majumbani mwao huko Ghent na Antwerp, na kwamba mtoto wa mkulima aliyetaka cheo hakuwa na budi kukipata kwa lugha isiyo ya mama yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili makaa ya mawe na chuma vya Wallonia, nchi ya Wawaloni wasemao Kifaransa, vilififia, bandari ya Antwerp ikastawi, na Waflemi waliokwisha kupata mali hawakuridhia tena kudunishwa. Mwaka 1968 wanafunzi waliandamana wakitaka Wawaloni watoke, serikali ya Paul Vanden Boeynants ikaanguka mwezi wa Februari, na chuo kikagawanywa: wa Kiholanzi wakabaki, wa Kifaransa wakajengewa mji mpya kabisa, Louvain-la-Neuve, ng'ambo ya mpaka wa lugha, ambako wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1972.

Ikabaki maktaba, iliyochomwa na majeshi ya Kijerumani mwaka 1914, ikajengwa upya, ikateketea tena mwaka 1940. Vitabu viligawanywa kwa namba za rafuni: witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Kwa hiyo chuo kilichovunjwa kwa ajili ya lugha kiligawa vitabu vyake bila ya kuitazama lugha, kitabu cha Kifaransa kikawaangukia Waflemi na cha Kiholanzi Wawaloni. Na hao waliogawana walikuwa Wakatoliki wote, raia wa mfalme mmoja, jambo ambalo wanaoeleza kila fitina ya Ulaya kwa dini hupenda kulipita kimya.

Msomaji wa Kongo analo la ziada hapa, maana Leuven hiyo hiyo ndiyo iliyozaa chuo cha Lovanium, Léopoldville, mwaka 1954, kikisomesha kwa Kifaransa. Na wengi wa mapadri waliofika Kongo kutoka Ubelgiji walikuwa Waflemi, ambao wenyewe Kifaransa walikisoma darasani.

Anayeniuliza kwa nini mwanafunzi wa Kiholanzi apewe kusoma habari za bei ya makaa ya mawe amekwisha kupata jibu. Uswisi na lugha zake nne, na Malta, ambayo lugha yake ya taifa ni tawi la Kiarabu lenye kuandikwa kwa hati za Kilatini, zitangoja sura ijayo, kama Leuven haitanishika tena.